Taa ya Ubavuni

Mwezi wa sita baridi ya Katanga huingia mpaka ndani ya koti. Alfajiri moja nilikuwa narudi Likasi kutoka Lubumbashi, nyuma ya kamyo ya salfa. Watu walikuwa wamechoma nyasi wakiwinda panya. Moshi umelala juu ya lami, vumbi juu ya moshi. Nikangoja taa.

Naisema ile ya ubavuni. Mzee mmoja wa Kikula, hapa Likasi, aliyenipakia kwenye kamyo yake utotoni, aliiwasha kama mtu anayetoa ahadi. Ya kushoto: kaa, mbele kuna kitu. Ya kulia: njoo, njia nyeupe. Aliye nyuma haoni ila turubai, lakini huchomoka akitumia macho ya mtu asiyemjua hata jina. Ndiyo maana mzee hakuwa na haraka ya kuwasha ya kulia. Kwanza kilima kiishe, kwanza wauza makala na baiskeli zao wapite. Gari likishapita, honi mbili fupi. Mzee akajibu kwa kupepesa taa. Nilidhani ni mchezo wa watu wazima.

Siku moja kijana alitupita kwenye kona kwa nguvu, na mbele linakuja basi. Mzee hakutukana. Alikanyaga breki, gurudumu la kulia likala majani, kijana akapata pa kujificha. Nikauliza mbona hakumfokea. "Mutoto, shiye tutafika," akasema. "Ye, sijuwe."

Zama hizo shaba ilipanda treni. Ikaja sheria ya madini ya 2002, makampuni yakamiminika, na leo shaba na kobalti ya Kolwezi inapita hapa Likasi kwa magurudumu ikielekea mpaka wa Kasumbalesa, huku salfa ikipanda. Na pale Kasumbalesa dunia hugeuka: Zambia huenda kushoto, sisi kulia. Kamyo za huko zina usukani kulia, hivyo kwetu shofere anakaa upande wa majani, hawezi kuchungulia. Boyi wake ndiye jicho. Hata taa hubadili lugha: kwao ya kushoto ndiyo "njoo". Mashofere wa zamani walibadilisha mkono mpakani kama walivyobadilisha kwacha.

Nisiwasingizie wageni. Wa kwetu, usukani ukiwa mahali pake, huwasha zote mbili kwa pamoja na kukimbia. Hiyo nayo ni kauli gani?

Alfajiri ile taa ya kamyo iliwaka hatimaye. Ya kushoto. Nikatafuta namba, nijue ni ya nchi gani. Vumbi lilikuwa limeifunika yote. Nikabaki nyuma. Jeep moja ikanipigia honi ndefu, ikatupita sote wawili, ikamezwa na moshi.