Mnong'ono na Ngoma: Mtambo Mmoja Hautoshi

Miongoni mwa wapenzi wa muziki kuna imani iliyokwisha kuota mizizi, nayo ni kwamba nyumba yenye mtambo mmoja mzuri wa muziki haina haja ya mwingine. Hoja yao ni nyepesi: chombo kikiwa bora, kila muziki utasikika humo kwa ubora ule ule. Katika makala haya tumekusudia kuipinga imani hiyo, na ushahidi wetu hatutautafuta mbali. Tutautoa katika santuri moja iliyorekodiwa papa hapa Burundi.

Santuri tunayoikusudia ilitolewa Ufaransa na Ocora, ikiwa na sauti zilizorekodiwa na Michel Vuylsteke mwaka 1967. Msomaji na aukumbuke mwaka huo. Ufalme wa Burundi ulikuwa umefutwa Novemba 1966, na katika Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili: ngoma yenyewe, na pia utawala wa mfalme. Kwa hiyo ngoma zinazosikika humo ni ngoma zilizokuwa zimeondokewa na mwenyewe muda mfupi tu uliopita. Asiyejua hayo husikia vishindo. Ajuaye husikia pia historia.

Katika santuri hiyo hiyo mna sanaa nyingine iliyo kinyume kabisa cha ngoma, nayo ni ya mwimbaji anayenong'ona huku akipiga inanga. Inanga ni ubao wa mti uliochongwa mfano wa hori, na juu yake umetandazwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi hata ukawa kama nyuzi nyingi. Sisi walimu wa lugha tuna sababu maalumu ya kuistaajabia sanaa hii. Kirundi ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana ya neno. Lakini mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti kooni hazitikisiki, na toni hupotea. Je, msikilizaji huipata wapi? Huipata katika ala. Mnong'ono hutoa konsonanti na irabu, inanga hutoa kupanda na kushuka, na sikio huviunganisha viwili hivyo hata likadhani kwamba koo lenyewe ndilo linaloimba. Mtaalamu Cornelia Fales aliieleza ajabu hiyo ya kusikia katika makala yake ya mwaka 2002.

Sasa tuipige santuri hiyo sebuleni, katika spika kubwa. Ngoma zitapata haki yao. Sauti nzito huhitaji hewa nyingi isukumwe, na hilo ni jambo lisilowezekana kwa spika yenye upana wa kiganja. Spika kubwa huisukuma hewa hiyo, nasi tukaipokea kifuani kama tuipokeavyo masikioni. Lakini wimbo wa inanga ukifika, mambo hugeuka. Katika mitaa yetu ya Buyenzi na Bwiza, ambako nyumba zimepakana na Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, hakuna sebule iliyo kimya. Kuna pikipiki njiani, watoto uani, mvua juu ya bati. Pumzi ya mnong'ono humezwa na hayo yote, ikabaki milio ya inanga peke yake. Hapo ndipo sanaa inapovunjika, kwa maana nusu ya neno imepotea. Ukiongeza sauti, inanga hunguruma kuliko ilivyopata kunguruma mikononi mwa mpigaji, na mnong'ono hugeuka kelele.

Tuusikilize wimbo huo huo kwa visikilizio vya kuvaa masikioni. Pumzi inakuwa karibu, kana kwamba mwimbaji ameketi ubavuni petu usiku. Viwili vilivyotengana vinaungana tena. Lakini turudishe ngoma katika visikilizio hivyo: mdundo tutauhesabu vizuri, hata kumtambua mpigaji anayewaongoza wenzake, ila kifua hakitasikia kitu. Kila mlango na ufunguo wake.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo madogo ya nyumbani. La hasha! Tutazame yaliyoipata santuri hii ulimwenguni. Mwaka 1971 ngoma zake zilichukuliwa zikapachikwa ala za kisasa katika rekodi iitwayo Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la Adam and the Ants la Uingereza liliufuata mdundo huo likapata umaarufu mkubwa. Ngoma zikaenea, mnong'ono haukupata safari kama hiyo. Hatusemi kwamba spika kubwa ndizo sababu pekee, kwani mdundo hauhitaji mkalimani na maneno yanamhitaji. Hata hivyo, muziki unaopenda kumbi na spika kubwa husafiri upesi, na muziki unaodai ukimya huachwa nyumbani. Nasi tukiwa na mtambo mmoja tu wa kishindo, tutaifanya kazi hiyo hiyo ya kuchagua na kutupa, tena ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Hoja ya gharama ina uzito, na mwalimu hahitaji kukumbushwa habari za mshahara wake. Lakini hatumshauri mtu anunue mtambo wa pili wa bei kubwa. Nyumba nyingi za Bujumbura tayari zina vyombo zaidi ya kimoja: spika za sebuleni, redio ndogo ya jikoni, na simu yenye visikilizio. Kinachokosekana ni desturi ya kuchagua. Hata ile redio ndogo inayodharauliwa ina fadhila yake. Haiwezi besi, lakini hutoa vizuri sauti za kati, ambazo ndizo zinazobeba maneno. Simu za waya nazo zilitosheka na mawimbi ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, na watu wakaelewana. Kwa imla ya Kiswahili au kwa kufuata taarifa ya habari, redio ya jikoni yaweza kuishinda ile ya sebuleni.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi jepesi. Wanafunzi na wausikilize wimbo mmoja mara mbili, katika vyombo viwili tofauti, na kila mara waandike maneno waliyoyapata na yale yaliyowaponyoka. Kisha wajadiliane ni chombo kipi kilichoficha nini. Atakayezoea kuuliza hivyo hatasema upesi kwamba mwimbaji fulani hasikiki, kabla ya kuvua visikilizio au kuvivaa.