Jina Si Siku Tu

Vijitabu vya majina ya watoto vimejaa mikononi mwa wazazi. Fungua ukurasa wa mabinti wa Kiakan, watu wa Ghana na nchi jirani, utasoma: Adwoa, Jumatatu, Abena, Jumanne, Afua, Ijumaa, basi. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni nusu. Kwa desturi ya Waakan, siku aliyozaliwa humpa mtoto jina la kwanza. Siku ya nane baba humpa la pili, aghalabu la mzee mwenye sifa njema, ili afuate nyayo zake. Yaa Asantewaa wa Ejisu, aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka 1900, aliitwa Yaa kwa ajili ya Alkhamisi. Lakini si Alkhamisi iliyompa ushujaa.

Sisi wenye akina Mwanajuma na Mwanakhamisi twalijua hilo. Kosa la vijitabu ni kumpa mzazi neno bila ya wajibu wake. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina binti aliyeitwa Aasiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Basi, ewe mzazi, kabla hujauliza jina lapendezaje, jiulize: mwanangu nitamlea amwige nani?