"Mjusi" wa Tendaguru: Istilahi Inayopotosha

Magazetini na hata Bungeni, mnyama wa kale wa Tendaguru, mkoani Lindi, huitwa "mjusi". Visukuku vyake vilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, vikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Na kiunzi chake, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kikasimamishwa Berlin mwaka 1937.

Jina hilo twalipinga. Mwanafunzi wa Usinge, magharibi ya Tabora, ilikopita njia ya misafara ya Ujiji, hana makumbusho karibu. Neno ndilo mpagazi wake wa maarifa. Akiambiwa "mjusi", humwaza mjusi kafiri wa ukutani aliyekuzwa. Kumbe jamaa wa karibu wa mnyama huyo walio hai ni ndege.

Yamkini tutajibiwa kwamba jina la Kigiriki, alilolibuni Richard Owen mwaka 1842, nalo lina maana ya mjusi wa kutisha. Ni kweli, lakini kosa la wenzetu halitulazimu kulitafsiri. Neno "dinosaria" halimdanganyi mwanafunzi, maana humfanya aulize kwanza. Basi vitabu vya shule na vibao vya makumbusho vilitumie, vikilifafanua.