Heshi na Ukoo wa Maneno

Katika juzuu ya 3 ya The Art of Computer Programming (1973), Donald Knuth aifafanua vema njia ya heshi: neno hukokotolewa kuwa namba, na namba hiyo huonyesha mahali lilipohifadhiwa. Hakuna kupekua toka A hadi Z. Migongano yachambuliwa kwa kina. Watu 23 tu watosha ili uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja upite nusu. Lakini hasara ya kuvuruga utaratibu wa maneno yaguswa kwa ufupi mno. Heshi hutawanya kwa makusudi: «piga», «pigwa» na «pigana» hutupwa mbalimbali. Mtunga kamusi ya Kiswahili hawezi kuvumilia hilo. Afadhali akokotoe mzizi, minyambuliko ikae chini yake, ingawa kuutenga mzizi kwala sehemu ya muda uliookolewa.