Bendera ya Kusadikika

Wako watu ulimwenguni wanaojiburudisha kwa kubuni nchi zisizokuwako na kuzitungia bendera, fedha na stempu. Donald Evans, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 1977, alichora stempu za nchi 42 za namna hiyo. Katika Kiswahili mbunifu mkuu wa nchi ni Shaaban Robert. Lakini Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, haikusimamishwa juu ya vitu hivyo.

Dola yake imejengwa kwa mipaka, baraza na sheria. Nchi i angani, ina majirani pande nne, na tena juu na chini. Na mambo yake hupimwa katika shauri la Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Jina lenyewe ni hoja. Sadiki ni neno la asili ya Kiarabu. Kiambishi -ik- ni cha Kibantu, nacho huonyesha jambo liwezalo kutendeka. Kusadikika, basi, ni nchi inayoomba kuaminiwa. Stempu hudai kwamba nchi ipo. Shauri la Karama huuliza kama inastahili kuwapo.

Historia imekubaliana na mwandishi. Tanganyika ilipata uhuru na bendera mwaka 1961, lakini shilingi ya Tanzania haikutoka mpaka mwaka 1966. Kwa upande mwingine, utawala wa Kijerumani ulioleta hela mwaka 1904 umekwisha zamani, na neno lingali vinywani mwetu.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu. Watu wake, kama Karama na Majivuno, wamebeba majina ya sifa, hata twawajua kwa tabia kuliko kwa maisha. Msomaji hufunga kitabu bila ya kujua Mkusadikika hununua kibaba cha mchele kwa sarafu gani.

Hapo mchezo wa wabunifu wa nchi waweza kutufaa. Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe na awape wanafunzi kazi ya kuchora bendera ya Kusadikika na kuipa sarafu yake jina, kwa sharti kwamba kila rangi itetewe kwa tukio la kitabuni. Atafutaye jina atagundua kwamba bendera ni neno la Kireno, fedha la Kiarabu, shilingi la Kiingereza. Na darasa lililozoea kuambiwa kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya Waingereza, basi, litalazimika kukisoma kitabu upya; maana bendera ya Waingereza haitalifaa.