Kishikwambi kwa Kipimo cha Mtoto

Katika maelezo ya iPad, kampuni ya Apple imeandika kwamba chombo hicho kimeundwa kufanya kazi penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mji wa Lodwar, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, hukivuka kiwango hicho mchana wa siku nyingi za mwaka. Longech nako, kwenye ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson na mawimbi ya Ziwa Turkana, jua hupiga juu na mchanga huurudisha mwako wake kutoka chini. Upepo wa ziwa hupeperusha chembe nyembamba zinazojipenyeza hadi kwenye tundu la kuchajia. Kioo cha kugusa hutegemea uwezo wa ngozi ya mtu kupitisha umeme, kwa hiyo kidole chenye jasho, maji au utelezi wa samaki hukivuruga.

Nayataja haya mapema kwa sababu sifa ninazotaka kuzitoa si za kiwanda. Ni za mwalimu wa elimu maalumu, yule ambaye akikabidhiwa kishikwambi hukitafutia kwanza kivuli, kitambaa kikavu na mfuko wa kukikinga na vumbi, kisha ndipo anamwita mtoto.

Vishikwambi hutoka kiwandani vikiwa sawa vyote, na hakuna watoto wawili walio sawa. Fundi cherehani stadi hashiki mkasi kabla ya kupitisha utepe wake mabegani na kiunoni mwa mteja. Mwalimu stadi naye hafungui mipangilio kabla ya kumtazama mtoto vya kutosha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaketi vipi? Nyayo zake zinafika chini? Ni mkono upi unaotangulia akitaka kitu, na kichwa kinageukia upande gani mkono huo unaponyooka? Kidole chake kikishafika mahali, kinachukua muda gani kuondoka? Mwili ukiyumba, kidole nacho huyumba, kwa hiyo kazi huanzia kwenye kiti: ubao chini ya miguu, meza ya kimo chake, kipande cha mpira wa tyubu chini ya kishikwambi ili kisiteleze. Mtu anayepita atadhani mwalimu anachezea fanicha. Kumbe ameshafanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili imo ndani ya chombo, mahali ambapo wengi wetu hatufiki. Vishikwambi vya Samsung vina mipangilio mitatu midogo ambayo naiheshimu kuliko kamera zake zote. Mmoja huamua kidole kikae juu ya kioo muda gani kabla mguso haujahesabiwa. Mwingine hupuuza miguso inayorudiwarudiwa upesi. Wa tatu hurefusha muda wa kubonyeza na kushikilia. Mtoto ambaye mkono wake hutetemeka hugusa mara nne pale alipokusudia kugusa mara moja, na kwa chombo ambacho hakijarekebishwa, hizo ni amri nne. Programu hufunguka na kufungwa, picha hupotea, na mtoto huanza kuamini kwamba hawezi. Mwalimu huongeza muda kidogo, anatazama, anapunguza tena. Akiuongeza kupita kiasi mtoto atachoka kungoja na ataacha. Akiupunguza kupita kiasi kila mtetemo utafungua kitu. Kipimo sahihi cha mtoto huyu hakimo katika kitabu chochote, na huenda asubuhi kikawa kimoja na alasiri kingine, misuli ikishachoka.

Pale ambapo mipangilio haitoshi, mkono wa mwalimu huongeza chake. Bamba la plastiki au kadi ngumu, lililotobolewa matundu juu ya vile vitufe tu anavyovihitaji mtoto, humwezesha kuulaza mkono wote juu ya kioo bila kugusa kitu, kisha akakiongoza kidole kimoja hadi ndani ya tundu. Kwa mtoto ambaye mikono haimtii kabisa kuna njia nyingine: mfumo wa Android huweza kuviangaza vitu vya kwenye kioo kimoja baada ya kingine, naye akachagua kwa kubonyeza swichi moja kubwa, iwe kwa kiwiko au kwa goti. Tangu 2021, kwa Android 12, hata swichi yenyewe si lazima. Kamera humtazama usoni na kukubali ishara sita: kutabasamu, kufungua kinywa, kuinua nyusi, kutazama kushoto, kulia au juu. Hapo tena ni mwalimu anayejua kwamba tabasamu la mtoto huyu humjia bila kukusudia, hivyo haliwezi kuwa amri, bali nyusi zake anazitawala.

Mtoto asiyeona hukutana na kioo kwa namna nyingine kabisa, maana kwake ni bapa laini lisilo na alama yoyote ya kupapasa. Programu ya TalkBack, ambayo Google iliitoa 2009, husoma kwa sauti kile kilicho chini ya kidole. Kutelezesha kidole kulia humpeleka kwenye kitu kinachofuata, na kugonga mara mbili hukifungua. Ni maelezo ya dakika moja, lakini kuyafundisha ni kazi ya wiki nyingi, kwa kuwa mtoto lazima ajenge akilini ramani ya bapa hilo. Mwalimu mzuri haanzi na somo la siku. Humwachia mtoto azunguke pembe nne za kioo, ajue kitufe cha kurudi kiko wapi, apotee, ajitafute. Mwalimu mwenye haraka humshika mtoto kidole na kukipeleka yeye. Mwenye ustadi huweka mkono wake chini ya mkono wa mtoto, ili mtoto ahisi mwendo na bado abaki yeye anayeongoza.

Kisha kuna sauti yenyewe. Kishikwambi kikiachwa katika lugha ya Kiingereza, hadithi ya Kiswahili husomwa kwa kinywa cha Kiingereza: irabu zinapinda, ng'ombe hatambulikani, mtoto anasikia kelele. Kubadili sauti ni hatua chache ndani ya mipangilio, na nimeamini kwamba hatua hizo chache ndizo hutenganisha chombo kinachotumika na kile kinachorudishwa kabatini. Kiswahili kinasomeka vizuri kwa mashine, kwa kuwa tahajia yake inafuata matamshi na mkazo wake karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwendo wa sauti nao hupimwa: mwanzoni polepole, baadaye mtoto mwenyewe huomba iongezwe, hadi anaisikiliza kwa kasi ambayo sisi tunaoona hatuwezi kuifuata.

Hata hivyo sauti peke yake haimfundishi mtu kusoma. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno limeandikwaje, na ndiyo maana walimu wa wasioona huishikilia breli kwa nguvu zote. Wana haki. Mashine ya Perkins ya kuandikia breli, iliyoanza kutolewa 1951, ina uzito wa karibu kilo 5 na inataka karatasi nene. Ni chombo imara kweli, ila ukibebe kwenye boti kutoka Kalokol kwenda Longech uone. Mwaka 2020 TalkBack iliongezewa kibodi ya breli ndani ya kioo chenyewe. Kwenye simu, mtoto hugeuza kioo kitazame mbele, mbali naye, na kuweka vidole vitatu vya kila mkono pale nukta sita zinapotarajiwa. Kishikwambi kikiwa kikubwa, hulazwa mezani. Kidole kuelekea kulia ni nafasi kati ya maneno, kuelekea kushoto ni kufuta. Herufi za Kiswahili hutumia nukta zilezile za breli tulizozizoea, kwa hiyo aliyeanza kwa Perkins hapotezi alichojifunza. Anachokosa ni kupapasa alichoandika, na hapo kinahitajika kifaa cha kuunganishwa kwa Bluetooth kama Orbit Reader 20, chenye seli ishirini zinazoinuka na kushuka chini ya vidole. Mwalimu anayeviona vyombo hivi vitatu kama ndugu, akajua saa ya kila kimoja, ameiva katika kazi yake.

Watoto wengi wa Longech, Kalokol na Lodwar huingia darasa la kwanza wakiota na kufikiri kwa Kiturkana, na Kiturkana hakimo miongoni mwa sauti za Google. Isitoshe, ni lugha ngumu kuigiza: mwishoni mwa maneno mengi kuna irabu zinazonong'onwa tu, nyuzi za sauti zikiwa kimya. Kwa hiyo mtu lazima asome. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za Kiturkana zenye leseni huria, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichukua, kuzisoma kwa sauti yake na kuzirekodi. Huingia chumbani, akafunga madirisha upepo usisikike, akatundika blanketi ukutani kuua mwangwi, akasoma sentensi moja, akanyamaza, akasoma nyingine. Katika vitabu vya EPUB kila kipande cha sauti huweza kufungwa na sentensi yake, ili maneno yawake rangi yanaposomwa. Mtoto mwenye uoni hafifu hufuata kwa jicho na sikio pamoja.

Picha nazo zinataka maneno. Kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya asiyeona ni sanaa inayodharauliwa mno. Mvivu huandika "picha ya mzee". Anayejali huandika kwamba mzee ameketi juu ya ekicholong chake na ameugeuzia mgongo ugomvi wa wanawe, kwa kuwa hadithi inakuja kugeuka hapo. Hasemi rangi ya shuka ikiwa haina kazi, wala hafichui mwisho. Sentensi mbili, tena fupi. Mtoto wa Turkana anakijua kigoda hicho cha kwao, na neno hilo moja linamwambia mengi kuliko aya nzima.

Kwa mtoto kiziwi, kishikwambi kina thamani moja kubwa: hakichoki kurudia. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi hutengeneza vitabu vya hadithi vyenye video za Lugha ya Ishara ya Kenya, na ukivitazama kwa utulivu utaiona kazi iliyomo. Nyuma ya mtoa ishara pako wazi, nguo yake inatofautiana na rangi ya mikono yake, na uso haukatwi na ukingo wa picha, kwa maana katika lugha hii nyusi zilizoinuliwa ndizo zinazoifanya sentensi kuwa swali. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wakafika shuleni bila lugha kamili yoyote. Kusimamisha video, kuirudisha nyuma, kuiga mkono mmoja, kuirudisha tena: hayo ni masomo ya kwanza ya lugha ya maisha yao. Video hizo lazima ziwe zimehifadhiwa ndani ya chombo kabla hakijafika, kwa sababu mtandao hautabiriki.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, kuna mfano mwingine. Vodafone Foundation na UNHCR wameleta huko madarasa ya kidijitali ya Instant Network Schools. Sanduku waliloliunda, lenye uzito wa kilo 52, hubeba vishikwambi 25, kompyuta ya mwalimu, projekta na spika. Huchajiwa kwa saa 6 hadi 8, kisha hufanya kazi siku nzima bila umeme. Ni uhandisi mzuri. Lakini darasani huko hukaa watoto zaidi ya 100, na miongoni mwao mwenye ulemavu anaweza kutoka Sudan Kusini, Somalia au Kongo, na ishara zake, lugha yake na hofu zake. Sanduku haliwezi kumtazama. Mwalimu anaweza, akipewa nafasi.

Kalokol wanaijua vizuri hadithi ya mashine isiyo na mtu wake. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikudumu katika kazi kilichokusudiwa, na jengo lake limebaki kuwashuhudia waliopita. Tusirudie hilo kwa watoto. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake, na mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh unaoruhusu vitabu kugeuzwa viwe vya kusomeka kwa wasioona. Sheria ipo, na vyombo vinaendelea kununuliwa. Kinachokosekana katika bajeti nyingi ni zile saa za kupima na kurekebisha, ambazo sasa mwalimu huziiba kutoka mapumziko yake ya mchana.

Wanakamati wa shule, maafisa wa kaunti mnaosimamia chekechea, nanyi wafadhili: kabla ya kutia saini ya kupokea au kutoa vishikwambi, ulizeni ni mwalimu gani atakayevirekebisha kwa kila mtoto, na ratiba yake inampa saa ngapi kwa wiki kuifanya kazi hiyo. Jibu liandikwe katika hati ileile, na saa hizo zilipwe.