Mkia wa Ndege na Ukingo wa Tundu

Ndege ya RV-7, ya viti viwili, huanza maisha juu ya meza ya mbao katika gereji ya mtu, na huanzia mkiani. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na mhandisi Richard VanGrunsven miaka ya 1970, huiuza kwa mafungu: mkia, mabawa, kiwiliwili, halafu vitu vya kumalizia. Sheria ya huko inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mjenzi mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, na mkia ndio darasa lake la kwanza. Ni mdogo, unaenea mezani, na bati likiharibika, kununua jingine hakumfilisi mtu.

Anayepita nje ya gereji husikia mlio wa nyundo ya hewa, akadhani kazi yenyewe ni kugonga ribiti, vile vipini vya metali vinavyoshikanisha mabati. Kugonga ribiti moja huchukua sekunde chache tu. Saa za mjenzi huishia kwenye tundu la ribiti hiyo: kulitoboa, kulisafisha, kulibonyeza, kulikagua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mkia mzuri na mkia mbovu inapoachana, muda mrefu kabla ribiti haijagongwa.

Mkia huo una sehemu nne. Kuna pezi lililosimama wima na usukani nyuma yake, kuna bawa dogo la mlalo na eleveta zinazoinua au kuinamisha pua ya ndege. Ndani ya kila sehemu mna boriti na mbavu au vipande vya kukazia, na juu yake bati la aloi ya alumini inayoitwa 2024-T3. Shaba iliyochanganywa humo ndiyo inayolipa bati nguvu, na ndiyo hiyohiyo inayolifanya liliwe haraka na kutu. Kwa hiyo kiwandani bati hufunikwa pande zote mbili kwa utando mwembamba wa alumini tupu. Mjenzi huonywa mapema asichore mistari kwa penseli, kwani risasi ya penseli huchochea kutu, wala kwa msumari, kwani mkwaruzo hupenya utando. Hutumia kalamu ya wino yenye ncha laini.

Turudi kwenye tundu. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bati lenye tundu la duara likivutwa, mkazo ukingoni mwa tundu hufikia mara tatu ya mkazo ulio mbali nalo. Hesabu hiyo ni ya tundu laini kabisa. Ukingo ukiwa na mkwaruzo au pengo dogo, mkazo hupanda zaidi, na kila mtikisiko wa safari hulivuta pengo hilo. Januari 1954 ndege ya abiria aina ya Comet ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Mabaki yaliyoopolewa baharini yalionyesha ufa wa uchovu wa metali ulioanzia kwenye tundu dogo karibu na uwazi wa antena, juu ya kiwiliwili.

Ndiyo maana mjenzi wa RV-7 huuunga mkia wake na kuubomoa kabla ya kuuunga kwa mwisho. Matundu huja yametobolewa kiwandani, madogo kidogo kuliko kipimo. Vipande hushikanishwa kwa vibanio vya Cleco, kila tundu hupitishwa biti hadi kipimo kamili vikiwa vimeshikana, kisha kila kitu hufunguliwa tena. Sasa pitisha kidole ukingoni mwa tundu: utahisi miiba midogo iliyoachwa na biti. Miiba hiyo huondolewa tundu kwa tundu, upande huu na ule, kwa kifaa kinachozungushwa kwa vidole mara mbili au tatu tu. Ukikizidisha, unakula unene wa bati ambalo lenyewe halifiki hata milimita moja. Kingo za nje za kila kipande nazo hupigwa msasa na kulainishwa. Hakuna njia ya mkato hapa, na sijui kipimo kizuri zaidi cha uvumilivu wa fundi kuliko tundu la mia tano la usiku mmoja.

Kinachofuata ni kibonyeo. Ribiti za nje ya mkia zina kichwa cha koni ya nyuzi 100 ambacho hulala sawa na bati ili hewa ipite bila kukwama. Bati jembamba haliwezi kuchimbwa mdomo wa kumezea kichwa hicho, kwa sababu metali ingekwisha. Badala yake tundu huwekwa kati ya kalibu mbili, dume na jike, likabonyezwa. Kibonyeo cha bati hukaa ndani ya kibonyeo cha ubavu kama bakuli mbili zilizopakatana, na kiungo hicho ni imara kuliko cha mabati bapa. Lakini kubonyeza hutanua mzingo wa tundu. Pengo lililokuwa limelala ukingoni huamka hapo, likawa ufa.

Hilo lilitokea kweli. Maagizo yalipoongezeka sana baada ya janga la korona kuanza, baadhi ya mabati ya Van's yalikatwa kwa leza badala ya kutobolewa kwa mashine ya kupiga. Pale mwale ulipoanza na kumaliza mzunguko wake, ukingo wa tundu ulibaki na alama ndogo. Mwaka 2023 wajenzi walianza kuona nyufa zikitoka hapohapo walipobonyeza. Kampuni ilifanya majaribio, ikaainisha vipande na kuahidi kubadilisha vilivyostahili. Gharama hizo zilijumlika na matatizo mengine ya fedha, na Desemba mwaka huo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ilitoka katika hali hiyo mwaka 2024. Alama ndogo kiasi hicho ilichangia kuitikisa kampuni ya miaka hamsini.

Baada ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ribiti. Za kipenyo cha milimita 2.4 ndizo nyingi. Kichwa kinachotengenezwa na fundi upande wa ndani kinatakiwa kuwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu yake. Mabati ya usukani na eleveta hulazwa juu ya sahani ya chuma, vichwa vya ribiti vikiwa chini vimeshikwa na utepe wa gundi, na nyundo hupiga kutoka ndani. Bati hutoka nyororo kama kioo. Ribiti ikienda upande, anayeanza hukimbilia kuitoa, na mara nyingi hapo ndipo hulitanua tundu zuri. Ribiti yenye kasoro ndogo ni heri iachwe.

Ukingo wa nyuma wa eleveta hukunjwa kwa mbao mbili ndefu zilizounganishwa kwa bawaba, kifaa ambacho mjenzi hujitengenezea. Ndani ya mkunjo, pale vipande vya kukazia vinapokaribiana, hutiwa tone la silikoni ili mtetemo usizae ufa.

Eleveta zikishapakwa rangi hutundikwa kwenye bawaba zake, ziyumbe bila kizuizi. Nyuma ikiwa nzito, ndege ikienda kasi eleveta inaweza kuanza mpapatiko, ambao huweza kuung'oa mkia katika muda mfupi sana. Dawa yake ni bonge la risasi, ile metali nzito, lililofungwa mbele ya bawaba. Wengi huliacha zito kupita kiasi kabla ya rangi, kisha hulipunguza. Mjenzi hushika drili, akatoboa bonge hilo kidogo, akaachia eleveta, akatazama, akatoboa tena, mpaka itulie sawa na bawa lake. Tundu hilo la mwisho ndilo pekee katika mkia mzima ambalo halihitaji kulainishwa ukingo.